Barua ya wazi kwa wanaotuongoza: Mukuru, fukara analipa kuliko ninyi

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Nairobi, Waheshimiwa Mawaziri wa Afya, Maji, Ardhi na Leba, na Waheshimiwa Wabunge na Wawakilishi Wadi wote wa jiji hili,

Pokeeni salamu zangu za heshima.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi. Kazi yangu ni kubisha hodi. Ninaingia katika vyumba vya mabati vya futi kumi kwa kumi, ninapima shinikizo la damu, ninaangalia kama mtoto amechanjwa, ninamuuliza mama mjamzito kama amekwenda kliniki, halafu ninajaza majibu kwenye simu niliyopewa na serikali. Majibu hayo huwafikia ninyi. Lakini simu ile hupokea majibu ya maswali iliyowekewa tu, na mengi ninayoyaona hayana pa kuandikwa. Ndiyo maana ninawaandikia, na ninaandika hadharani kwa kuwa jambo lenyewe si la nyumba moja wala mtaa mmoja.

Ninalotaka kuwaambia ni hili. Katika jiji hili, mtu fukara kabisa analipia maji, choo, chakula na matibabu kwa bei ambayo hakuna mmoja wenu angekubali kuilipa, na bei hiyo kwa sehemu kubwa imetokana na namna huduma zilivyopangwa. Msipoigusa bei hiyo, msaada wowote mtakaompa utapita mikononi mwake tu na kuishia kwa muuza maji.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Benki ya Dunia ina mstari wake wa umaskini uliokithiri. Mwaka 1990 ulikuwa karibu dola moja kwa siku, Septemba 2022 ukawa dola 2.15, na Juni 2025 ukapandishwa hadi dola 3. Dola hizo hazibadilishwi kwa bei ya duka la fedha la mjini; hukokotolewa kulingana na kile ambacho pesa ya nchi inaweza kununua ndani ya nchi yenyewe. Hapa kwetu KNBS, shirika la taifa la takwimu, ina mistari yake. Katika uchunguzi wa 2015/16, mtu mzima wa mjini alihesabiwa kuwa maskini ikiwa matumizi yake ya mwezi hayakufika Sh5,995. Aliyehesabiwa kuwa katika umaskini uliokithiri ni yule ambaye matumizi yake yote, ukijumlisha kodi, nauli, sabuni na kila kitu, hayakufika Sh2,551, kiasi kilichokadiriwa kutosha chakula peke yake. Gawanya kwa siku thelathini, unapata Sh85 hivi. Kwa maneno mengine, huyu ni mtu ambaye hata akiamua kulala nje, atembee uchi na asimtibu mtoto, bado hatashiba. Wakati ule Wakenya 36 hivi katika kila 100 walikuwa chini ya mstari wa kwanza, na karibu 9 chini ya huu wa pili. Kufikia 2022 walio chini ya mstari wa kwanza walikuwa wamefika asilimia 39.8.

Uchunguzi huohuo wa 2015/16 uliionyesha Nairobi kuwa kaunti yenye umaskini mdogo kuliko zote 47. Ninaamini wataalamu waliofanya kazi ile waliifanya kwa uaminifu, na mstari wa mjini waliuweka juu kuliko wa mashambani kwa sababu wanajua maisha ya mjini ni ghali. Lakini mstari ni mmoja kwa Muthaiga ya matajiri na kwa Mukuru, na kinachopimwa ni matumizi. Sasa fikirini mama anayenunua maji kwa bei mara kadhaa ya anayolipa jirani yake wa ng'ambo ya barabara. Kila shilingi anayotozwa zaidi inaingia katika matumizi yake. Katika daftari anaonekana ametumia pesa nyingi zaidi, na kwa hiyo ameondokewa na umaskini kidogo, ilhali chumbani mwake maji ni yaleyale, mitungi mitatu. Kadiri anavyonyonywa ndivyo anavyoonekana ana nafuu. Waheshimiwa, daftari hilo ndilo mnalosoma mnapogawa bajeti.

Hebu niwaeleze siku ya mama mmoja ninayemtembelea. Jina lake ninalihifadhi, na yeye mwenyewe ameniruhusu kueleza. Anafua nguo za watu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi yuko njiani kwa miguu kwenda kukaa kwenye ukuta nje ya lango la mtaa wa nyumba za ghorofa, yeye na wenzake, wakingoja kuitwa. Siku nyingine anaitwa, siku nyingine jua linawapiga hadi adhuhuri na wanarudi mikono mitupu. Akiitwa, kwa kufua na kupiga deki anaweza kupata mia tano. Hiyo mia tano haimpi hata nafasi ya kukaa nayo. Mwenye nyumba anadai elfu tatu za mwezi, na anayechelewa hukuta kufuli la pili limetiwa juu ya lake. Kuna aliyemuunganishia taa ya sambaza, yaani umeme usio halali, naye hukusanya pesa zake kila mwisho wa mwezi, moto uwepo usiwepo. Unga ananunua wa kupimiwa, mafuta ya kupikia ya kupimiwa kwenye kikaratasi cha plastiki, makaa kwa mkebe. Anajua vizuri kwamba pakiti nzima na gunia zima ni nafuu. Watu wanaosema maskini hajui hesabu wangekaa naye dakika tano tu. Anajumlisha kichwani upesi kuliko mimi na simu yangu. Tatizo ni kwamba gunia linataka pesa za gunia siku moja, na yeye siku moja ana mia tano.

Halafu kuna choo. Ninaomba mnivumilie hapa, kwa sababu ni jambo ambalo halizungumzwi katika mikutano na ndilo linaloniuma zaidi. Ploti yao haina choo. Kilicho karibu ni cha kulipia, shilingi kumi kuingia. Yeye na watoto wake watatu wakienda mara mbili tu kwa siku, hizo ni shilingi themanini, karibu sawa na ile Sh85 ambayo KNBS ilisema ni chakula cha siku cha mtu mzima. Basi hawaendi mara mbili. Siku moja nilimkuta bintiye wa miaka sita analalamika tumbo, midomo imekauka. Nikauliza kama mtoto anakunywa maji ya kutosha. Mama akanijibu akiangalia chini: "Jioni simpi, mwalimu. Akinywa atataka choo usiku, na choo kinafungwa saa tatu." (Wengi huku hutuita walimu sisi wahudumu.) Hata kama kingekuwa wazi, binti hawezi kupita vichochoro vile gizani, na mama hawezi kuwaacha wadogo peke yao kumsindikiza. Kwa hiyo mtoto anafundishwa kiu. Kwenye fomu yangu niliandika: maumivu ya tumbo, ameshauriwa kunywa maji. Hapakuwa na mahali pa kuandika saa ya kufungwa kwa choo.

Kuhusu maji yenyewe, fanyeni hesabu pamoja nami. Mtungi ni lita ishirini. Mitungi hamsini ni mita moja ya ujazo, kipimo kilekile mnachokiona kwenye bili zenu. Mtungi ukiuzwa shilingi kumi, mita hiyo ni Sh500. Mifereji ikikauka na mtungi ukapanda hadi ishirini, ni Sh1,000. Nyumba iliyounganishwa kihalali na mita ya kampuni ya maji hulipa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho kwa maji hayohayo. Wala yetu si safi zaidi. Yanakuja kwa mipira ya plastiki iliyolazwa ndani ya mitaro ya maji taka, na mpira ukipasuka, presha ikishuka, uchafu unafyonzwa ndani. Kipindupindu kilichozuka nchini kuanzia Oktoba 2022 hakikuwa fumbo kwa yeyote anayeishi huku.

Ninajua mtasema hawa wauza maji ni makateli, magenge ya kupandisha bei, na kweli wapo walio hivyo. Lakini wameingia palipoachwa wazi. Kwa miaka mingi huduma za umma ziliinyima Mukuru mabomba kwa hoja kwamba ardhi yake ina hati za watu binafsi, na mtu asiye na ardhi hawezi kuwekewa mita. Mwaka 2017 kaunti iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, na wakazi walikaa vikao vingi kueleza wanachohitaji. Baadaye barabara kadhaa zilitengenezwa, visima vikachimbwa, na hayo nimeyaona kwa macho yangu na ninayashukuru. Lakini mwishoni mwa 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kufungua njia ya barabara, na maelfu ya watu wakalala kwenye vifusi vya nyumba zao mvua ikiwanyeshea. Mpango mmoja wa serikali ulikuwa ukijenga na mwingine ukibomoa, katika mtaa uleule.

Yakajirudia 2024. Mvua za Aprili na Mei zilifurika mito, watu wakafa, na serikali ikaamuru walio ndani ya mita thelathini kutoka mtoni wahame. Kuhama mtoni kulikuwa na maana. Hakuna anayependa kulala na maji kitandani. Ila nyumba za Mathare na Mukuru zilibomolewa kabla ya watu kupata pa kwenda, na zile Sh10,000 zilizoahidiwa kila kaya, hata zilipofika, zilikuwa za kodi na depoziti ya chumba kingine cha mabati na basi. Sheria ya ardhi iliyorekebishwa mwaka 2016 inataka ilani ya maandishi ya miezi mitatu. Mahakama ya Juu, katika uamuzi wake wa Januari 2021 kuhusu wakazi wa kijiji cha Mitumba waliobomolewa karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, ilikubali kwamba hata mtu anayekaa kwenye ardhi ya umma bila hati anaweza kuwa na haki ya makazi inayolindwa na katiba. Kwa tajiri, kubomolewa ni hasara. Kwa mama yule ninayemtembelea, ni kupoteza kwa siku moja vyote alivyokusanya: kitanda, sufuria, daftari za watoto, vyeti vya kuzaliwa, kadi ya kliniki, na majirani wa chama cha kukopeshana waliokuwa wakimkopesha hamsini usiku. Vyeti hivyo akivifuatilia ofisini ataambiwa arudi kesho, na kesho ni siku nyingine ya kibarua iliyokufa.

Nije kwa afya, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Tangu Oktoba 2024 tuna SHA, bima ya afya ya serikali. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi, hata haendi popote. Asiye na mshahara anakadiriwa mapato kwa maswali: nyumba imejengwa kwa nini, anapikia nini, choo ni cha aina gani. Halafu anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600. Kwa hiyo mfanyakazi wa ofisini mwenye uhakika wa mshahara ndiye anayelipa kidogo kidogo, na mama asiyejua kama kesho ataitwa kwenye lango ndiye anayeambiwa alete ya mwaka. Najua mmeanzisha njia ya kulipa polepole kwa mkopo. Lakini huyu tayari ana mikopo ya simu na deni la duka, na mnamwongezea mkopo mwingine ili awe na haki ya kulazwa. Najua pia kuna mpango wa serikali kuwalipia wasiojiweza. Hiyo ndiyo njia sahihi, na ninaomba mtuulize sisi tunaoingia nyumba hizi ni nani hasa hajiwezi, kwa sababu maswali yale yanaweza kumuona mtu wa mjini mwenye balbu moja ya sambaza kuwa ana nafuu kuliko alivyo. Matibabu ya kawaida katika zahanati ni bure kwa aliyejisajili, nami ndiyo ninavyowaambia watu. Kisha wanaenda, wanaandikiwa dawa, wanaambiwa zimeisha wakanunue nje. Wanaporudi ni mimi wanayeniangalia usoni.

Kuna pia Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wasiojiweza pesa, na hapa ninasema kwa uchungu. Mzee aliyefikisha miaka sabini, au nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, hupewa Sh2,000 kwa mwezi. Kiasi hicho hakijaongezwa kwa zaidi ya miaka kumi, na bei zote zimepanda. Kilinganisheni na Sh2,551, mstari wa chakula wa mjini wa 2015/16. Serikali yenyewe ilisema mtu mzima hawezi kula mjini kwa chini ya kiasi hicho, muongo mmoja uliopita, na bado inampa mzee pungufu yake leo, na mara nyingi kwa kuchelewa miezi. Nina bibi mmoja katika orodha yangu ambaye hukopa unga dukani kwa ahadi ya "pesa ya wazee". Muuza duka anajua pesa hiyo haina tarehe, kwa hiyo anamuuzia kwa bei ya deni. Kuchelewa kwenu kunamgharimu bibi yule zaidi ya mnavyodhani.

Sisemi hakuna linalofanyika. Chakula cha shuleni cha kaunti, kile ambacho mtoto hulipa shilingi tano na kugusisha bangili yake ya malipo, kimewafaa watoto wengi. Ninaomba mkitazame kwa makini mjue kwa nini kimefaulu. Bei iliwekwa kwa kumfikiria mtoto wa mama asiye na kitu, si wa mama wa wastani. Inalipwa siku ile ile, kwa kiasi ambacho mtu wa kibarua anaweza kukipata siku hiyo. Chakula kinamfuata mtoto alipo. Na hakuna fomu ya kuthibitisha kuwa wewe ni maskini mbele ya wenzako. Mpango huo ulianzia shule za umma, na watoto wengi wa Mukuru wanasoma shule ndogo za watu binafsi za mtaani kwa kuwa za umma ni chache na zimefurika. Uleteni na huko.

Na kama shilingi tano iliwezekana kwa chakula, ninashindwa kuona kwa nini isiwezekane kwa choo na maji. Ibara ya 43 ya katiba yetu ya 2010 inataja kwa majina makazi, usafi, kutokuwa na njaa, maji safi ya kutosha, afya, elimu na hifadhi ya jamii, na inasema serikali itamsaidia asiyeweza kujikimu na wanaomtegemea. Haikusema mwenye hati ya ardhi tu.

Ninachoomba, basi, kinahusu bei. Gavana na kampuni ya maji, tangazeni bei ya juu kabisa ya mtungi kwenye vioski vyote vya Mukuru, Mathare, Korogocho na Kibera, na mkae mkiisimamia, huku mkileta mabomba halali hata pale ambapo kesi za ardhi hazijaisha. Vyoo vya umma viwe bure kwa watoto na viwe wazi usiku, vikiwa na taa na mlinzi. Waziri wa Leba, pesa ya wazee iwe na tarehe moja ya mwezi isiyobadilika, na isiwe chini ya mstari wa chakula mlioupima wenyewe. Waziri wa Afya, waondoleeni watu wa kibarua malipo ya mwaka kwa mkupuo. Waziri wa Ardhi, tingatinga lisiwashwe kabla ya ilani ya miezi mitatu na mahali pa kwenda, na anayetoa amri kinyume cha hapo awajibike yeye binafsi. Wabunge, mwagizeni KNBS katika uchunguzi ujao iandike bei ambayo kila kaya inalipa kwa lita na kwa kilo, isiwe jumla ya matumizi pekee, ili tujue nani anakula na nani anatozwa tu.

Jambo la mwisho linahusu mikutano ya kukusanya maoni ya bajeti. Mnaiita asubuhi, siku ya kazi, katika kumbi. Saa hiyo mama ninayemzungumzia amekaa kwenye ukuta akingoja kuitwa, na akija kwenu atalala njaa. Bajeti ya mwaka ujao wa fedha itapitishwa kabla ya mwisho wa Juni. Kabla haijapitishwa, njooni Mukuru Jumapili alasiri, katika uwanja wowote wa shule mtakaouchagua. Viti tutatafuta sisi, na watu nitawaita mimi mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Ninyi njooni na kiasi mlichotenga kwa maji na vyoo vya mtaa huu, kikiwa kimeandikwa kwa shilingi.

Wenu katika utumishi,

Mhudumu wa afya ya jamii,
Mukuru, Nairobi